Ng'ombe wa Joyline

Joyline, mchoraji wa mabango, alichora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha ya mzee Obare, pale Suna. Watu walipita, wakatazama, wakaenda kununua nyama kwingine.

"Wanasema ni mbwa," Obare alimwambia.

Joyline akaongeza pembe na kiwele. Sasa wakasema ni mbwa aliyerogwa. Kwa uchungu akaandika chini yake:

Sura yangu isikutishe,
Mimi ng'ombe, sibweki mimi;
Njoo ndani nikushibishe,
Supu tamu kwenye ulimi.

Watu walisimama kusoma, wakacheka, wakaingia. Kufikia adhuhuri nyama ilikuwa imekwisha.

Habari zilifika Homa Bay. Mama Phanice, mwenye hoteli ya samaki, akampigia simu. "Nataka mashairi tu, msichana wangu. Kuchora wachana nako."

Maneno hayo yalimuuma, lakini alienda. Aliandika beti mbili tamu ukutani, kisha Mama Phanice alipoingia jikoni, akachora samaki mdogo pembeni.

Mama Phanice alirudi, akasoma, akatabasamu. Halafu akainama karibu na ukuta.

"Na hiki kijiko ni cha nini?"

Joyline alifikiri kidogo.

"Ni cha mchuzi, mama."