Ukuta wa Mwanyumba

Siku hiyo mjinga ni mimi, nalisema mapema msije mkahangaika kumtafuta mwingine. Nimekaa sakafuni, sebuleni kwangu Kihonda, mchana kweupe, nyundo pajani, tindo mkononi, na ukuta ulio mbele yangu umechubuka kama goti la mtoto. Mke wangu Sikudhani kaenda Mazimbu kumwona mzazi, nami nimeapa akirudi akute sebule ya kisasa. Nabandua lipu nipate matofali mekundu, yaliyo wazi, kama ya Kondo. Kondo ni mwanyumba wangu, mimi nimeoa dada, yeye kamwoa mdogo mtu, na Jumapili katukaribisha kwenye nyumba yake mpya, mtindo wa kiwandani: mabomba yanapita nje ya ukuta bila aibu, taa zinaning'inia kwenye waya kama zimesahauliwa, sakafu ni saruji tupu, viti vya chuma vinakuuma kabla wewe hujauma nyama. Nikamwambia, mwanyumba, hongera, fundi akija kumalizia usiache kutualika tena. Watu wakacheka. Kondo akacheka kuliko wote, kicheko cha aliyeshiba, na mimi ndipo pilau liliponikwama. Maana kiwanda nakijua. Nimemwaga jasho kwenye kiwanda cha nyuzi mpaka asubuhi waliyofunga geti tukiwa nje, na bomba la mvuke limeniachia alama hii ya begani. Kondo hajawahi hata kuchelewa king'ora. Hayo ningeyameza. Lisilomezeka ni Sikudhani. Aliinuka katikati ya chakula, akaufuata ukuta ule mwekundu, akaupitishia kiganja taratibu, toka juu mpaka konani, akaganda pale, akatabasamu peke yake. Njia nzima ya kurudi tabasamu lile halikumtoka. Mkono ule haujaupapasa ukuta wangu hata siku moja, na tofali za ukuta wangu tulizifyatua wenyewe, mimi na yeye, hapa hapa uani.

Basi nagonga, lipu inadondoka, na chini yake hakuna wekundu wowote. Ni tofali la saruji, kijivu, limenuna. Sasa nilitegemea nini? Mchanga niliuchekecha mimi, saruji niliikoroga mimi, au nilidhani limeiva humo ndani kwa miaka yote hii? Nagonga la pili, kijivu. La tatu, kijivu. Vumbi linanilewesha, nauegemeza mgongo, macho yanajifumba, nyundo inaendelea kugonga yenyewe, na pale nilipotoboa panapanuka polepole kama mtu anayepiga miayo. Napita.

Upande wa pili ni barabara ya saruji iliyong'arishwa, inang'aa hivi kwamba chini ya nyayo zangu anatembea mwingine, kichwa chini, naye kashika tindo. Barabara haina mwisho na kila nyumba iliyopo kandokando ni ya Kondo. Nyumba ya Kondo, halafu nyumba ya Kondo, halafu kioo, na ndani ya kioo nyumba ya Kondo. Mabomba yanatoka dirisha hili na kuingia lile, yanapumua. Ananijia mtu. Uso wake umepigwa lipu, laini, hauna jicho wala pua, fundi kamaliza vizuri kuliko mimi. Namuuliza, ndugu, mji huu ni wa nani? Ni wa anayeutamani, anajibu, sijui kwa mdomo upi. Na njia inaishia wapi? Inaishia ulipoanza kuitazama. Bwana, nimekuuliza njia, sijakuomba kitendawili. Anageuka, anatangulia, namfuata, kwa kuwa mtu wa kukufanyia jeuri ugenini ni bora kuliko kukosa mtu kabisa.

Madirishani namwona Sikudhani. Yumo katika kila nyumba, khanga ileile ya Jumapili, kiganja ukutani, kinashuka taratibu. Namwita. Jina linaingia kwenye bomba na kunirudia limepoa. Mama Chausiku, turudi nyumbani. Hageuki. Anafanya nini humo, namuuliza asiye na uso. Anatafuta mwanzo. Mwanzo wa nini? Kila ngozi ina mwanzo, anasema. Na akiupata? Akiupata atacheka. Najua kicheko cha namna hiyo, ni cha mke anayeona maisha yangekuwa vingine angetangulia Kondo kuposa. Akifika konani hatarudi, najua hivyo kama unavyojua mambo usingizini, bila kuambiwa. Nakimbilia mlango wa kwanza, mlango unasogea. Nakimbilia wa pili, nakuta ni wa kwanza. Naegemea ukuta mwekundu nivute pumzi, ukuta unachakacha mgongoni kwangu, kama mtu anayejigeuza kitandani, nami nasema ni upepo, ingawa mji huu hauna upepo. King'ora kinalia. Wenzangu wa kiwandani wanapita wote, wamevaa kicheko cha Kondo, na geti linajifunga mbele yangu kwa mara nyingine.

Nje ya geti imebaki nyumba moja. Ni yangu. Imesimama peke yake na lipu yake ya rangi ya maziwa, kama mgeni aliyekuja harusini na kandambili, na dirishani kwake hakuna Sikudhani. Hilo linaniuma kuliko yote. Nainua nyundo. Asiye na uso ananishikia tindo, anasema, nakuuliza la mwisho, kitu gani kina ngozi na hakina nyama? Kondo, namjibu. Anaguna kwa pua asiyo nayo, mguno ninaoufahamu, niliolala nao kitanda kimoja miaka na miaka. Nagonga.

Naamka, au nasema naamka. Mlangoni kasimama mtu, khanga kaizungusha kichwa kizima kukwepa vumbi, uso siuoni. Baba Chausiku, anasema, umeufanya nini ukuta? Wewe nani, namuuliza. Mimi ndiye nitakayefagia. Jibu hilo laweza kutoka huku na laweza kutoka kule, kwa hiyo nakazana kama naongea na mke wangu. Nimeuvunja kwa ajili yako. Umeupapasa ukuta wa Kondo mbele za watu, ukatabasamu, usikatae, nimekuona. Sikatai, anasema. Haya, ulikuwa unautaka. Kama unataka kuhamia kiwandani sema, mama, nimeshapita huko, nitakuazima na alama ya begani. Anakuja mpaka kwenye tundu langu, anaweka kiganja kwenye tofali, anakiondoa. Kiganja kimebaki pale. Sijui kimeandikwa na vumbi la sasa hivi, au kilikuwepo tangu siku ile uani tofali likiwa bichi, na sina ujasiri wa kulipangusa nione.

Nilikuwa natafuta pa kubandulia, anasema ndani ya khanga, na pale konani pameshaachia. Ule wa Kondo ni karatasi iliyochorwa tofali, baba Chausiku. Wako ndio ulikuwa ukuta.