Gisiri Anaitwa Shimoni

Shemeji yangu Elkana ana kichwa kigumu, na leo sitamheshimu eti kwa sababu ya mvi zake.

Mume wangu Gisiri alifukiwa kwenye shimo la dhahabu huku Osiri, yeye na rafiki yake Byron. Elkana na wenzake walimwita jina kutoka juu mpaka wakamfikia. Byron alitolewa akiwa maiti, tukamzika kwao Sori. Tangu hapo, Gisiri akisikia mashine ya kusaga mawe anajitupa chini ya meza. Joyline, binti yetu, anamwogopa baba yake. Inauma, jamani!

Daktari wa Homa Bay alinionyesha picha ya ubongo wake.

"Mama, sehemu hii inayopanga kumbukumbu imesinyaa. Tunaona hivyo kwa wengi wenye ugonjwa huu wa kiwewe. Hofu ikimshika, hajui kwamba ile siku ilishapita. Atapata nafuu, ila polepole. Kwa sasa asikaribie shimo."

Nikamweleza Elkana. Akacheka! "Ubongo unasinyaa, kwani ni sweta? Nafsi yake ilibaki chini. Tutaiita."

Wachimbaji wenzake huamini hivyo: aliyefukiwa hurudishwa kwenye mdomo wa shimo, aitwe jina mpaka nafsi yake imrudie. Nilikataa. Nilifoka mpaka majirani wakatoka nje. Nilipoenda sokoni, Elkana akamchukua mume wangu, akampeleka shimoni.

Niliwafuata kwa bodaboda. Jua la mchana linawaka, mume wangu amesimama ukingoni, na Elkana ameinama juu ya shimo akiita kwa sauti ileile ya siku ya ajali: "Gisiri! Gisiri! Unanisikia?"

"Elkana, nyamaza! Wewe ni mtu wa aina gani?" Nikamshika mume wangu mkono.

Hakunitazama. Aliinua uso juu. "Niko huku chini! Tupieni kamba! Byron bado anapumua!"

"Baba Joyline, Byron tulimzika. Uko juu, kwenye jua. Niangalie, ni mimi Mellen."

"Gisiri, toka!" Elkana akazidi kuita, amefurahi kweli kwamba anajibiwa.

"Siwezi kumwacha," mume wangu akasema kwa upole. Akauchomoa mkono wake, akapiga hatua, akaingia shimoni.

Elkana aliita tena, sasa akilia. Hakuna aliyejibu.