Mita Nne

"Thelathini na nne," alisema Mama Vigingi, mpimaji wa njia ya umeme, akaiachia futi ijikunje yenyewe. "Kutoka nguzoni, waya wa kuingia nyumbani mwisho mita thelathini. Umezidi, shemeji."

Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, alicheka akidhani anataniwa. Nyumba yake alishaitandazia nyaya tangu mwezi uliopita, kabla paneli za jua za umeme wa kijiji hazijafika hata uwanja wa shule. Taa kila chumba. Taa chooni. Friji jipya sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.

"Mita nne tu? Si unasogeza hicho kijiti?"

Angeweza. Mpimaji anaruhusiwa kusogeza kigingi cha nguzo hadi mita tano, akikuta mwamba au kaburi. Mwamba haukuwepo. Kaburi lilikuwepo, la mumewe, lakini lilikuwa kule nyuma ya nyumba, limemezwa na nyasi.

Miaka saba nyuma, udongo wa kaburi hilo haujakauka, shemeji alipima kiwanja kwa hatua zake mwenyewe, akamwambia mjane wa kaka yake kwamba mpaka wake unaishia barabarani. Kisha akalitupa godoro lake huko, mvua ikinyesha. Mama mkwe peke yake ndiye aliyetoka jikoni na karatasi la nailoni, akalifunika. Godoro lilikauka baada ya siku tatu. Mwenyewe Mama Vigingi hakukauka. Alikwenda na unyevu huo moyoni chuo cha ufundi, akapanda nao ngazi na nguzo za watu.

"Nisogeze?" aliuliza.

"Sogeza, shemeji. Yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," alikubali.

Aliking'oa kigingi. Shemeji akatabasamu, na tabasamu likamfuata hatua mbili, tatu, mpaka lilipogundua anaelekea upande mwingine, kwenye jiko la mama mkwe. Nyundo ililia mara nne. Hakuhitaji nne, mbili zingetosha.

"Jikoni kwa mama, ishirini na nane. Boksi la umeme litafungwa pale, kwa jina lake."

"Na mimi?"

"Wewe sasa thelathini na tisa."

"Unanikomoa."

"Nakupima."

Alifungua fomu juu ya paja. Penye *Sababu ya kusogeza* aliandika neno moja: *Kaburi*. Akaigandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama.

Mama mkwe alitoka akifuta machozi ya moshi, akakitazama kigingi chekundu, akamtazama mwanawe.

"Kwa hiyo huyu akitaka taa?"

"Atabisha hodi kwako, mama."

"Hajawahi kubisha. Huwa anaingia tu." Kikongwe akashusha sauti. "Nimekuona, mwanangu."

"Nimepima tu, mama."

"Na mimi yule nimemzaa tu," alisema, akarudi kwenye moshi wake. Mlango aliuegesha nyuma yake, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Mama Vigingi alijitwika vigingi vilivyobaki, akafuata barabara. Mahali pa nguzo iliyofuata aligeuka. Shemeji alikuwa amebandika kisigino kwenye kigingi. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni kwake, akihesabu kwa sauti. Alifika, akatikisa kichwa, akarudi kigingini. Akaanza upya, safari hii akiitanua miguu.