Uvimbe Ulioniomba Radhi

Nilichokiona kwanza ni kikombe. Mama alimaliza chai, akanirudishia kikombe mkononi, kishikio kikiwa upande wangu. Miaka yote alikuwa akikiweka sakafuni, niiname.

Wiki hiyohiyo akaanza kuniita mwanangu. Kabla ya hapo nilikuwa Bubu, kwa sababu siongei mbele za watu. Jioni moja nilikuwa namkanda miguu, akalia.

"Nilikutoa shule darasa la tano ili unisaidie kufua nguo za watu. Ulikuwa na akili kuliko kaka yako. Nisamehe, mwanangu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri miaka tisa.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma, akawa anapepesuka. Daktari akasema kuna uvimbe unabana ubongo, ndio uliombadilisha tabia. Vidonge vya kuupunguza akanikabidhi mimi, nimpe kila asubuhi.

Kaka yangu ni fundi simu. Alicheka. "Kichwa ni simu tu, Bubu. Ikivurugika, inapigia watu yenyewe. Unadhani inawapenda?"

"Na wewe ukimwambia mkeo unampenda?"

"Loo, Bubu kasema!" Akainamia simu aliyokuwa akiitengeneza.

Baada ya miezi miwili Mama alipona. Nikajikaza, nikamkumbusha aliyoyasema.

"Mimi? Nikuombe radhi wewe?" Alinitazama kama doa lililokataa kutoka. "Ule ulikuwa ugonjwa. Shule ilikushinda, kichwa kizito kama jiwe."

"Lakini ulilia, Mama."

"Hata bomba hulia likiingia hewa. Kaanike nguo."

Nimewaza sana nikiwa nimeinamia beseni. Kama ni uvimbe uliosema nina akili, anayesema sina ni nani? Si ni nyama ileile, imenywea tu? Daktari hakutuambia yupi kati yao ndiye Mama. Wengine wote wameshachagua, wamemchagua huyu.

Leo asubuhi amemaliza chai, kikombe akakiweka sakafuni. Nikainama.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku nne za mwanzo sikumpa vidonge. Nilivitumbukiza kwenye maji machafu ya kufulia, nikampelekea chai peke yake, naye akanishukuru. Siku ya tano alianguka mlangoni, nikaogopa, nikaanza kumpa.

Nilitaka mama yangu aendelee kuumwa.