Sauti Iliyosafishwa

Neno lililonipandisha mori ni "kusafisha." Kaka yangu alilitamka kwenye simu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayezungumzia zulia. Rekodi zote za Baba zinatolewa upya, akasema, na kampuni imeshaanza kuzisafisha.

"Kusafisha nini?"

"Si ile mikoromo yake. Anavyogunaguna akipiga. Siku hizi kuna mitambo inaondoa yote, inabaki piano tupu. Nimeshakubali."

"Umekubali kwa niaba ya nani?"

"Pete, usianze."

Nikamkatia simu. Baba alikuwa chumba cha pili kwenye kiti chake cha magurudumu, akiitazama piano ambayo hajaigusa tangu kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia na kumnyang'anya maneno yote. Anachoweza ni "mm" tu: ya kukubali, ya kukataa, ya kuomba maji. Mimi ndiye ninayeishi naye, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua ipi ni ipi. Sauti yake nyingine iliyobaki duniani ilikuwa humo kwenye rekodi, na hiyo ndiyo waliyoiita uchafu.

Msidhani nilikuwa binti kipenzi. Baba nilianza kumkasirikia kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa mpiga piano ambaye watu walimpangia foleni kwenye mvua. Aliketi juu ya kigoda alichokipunguza miguu mwenyewe kwa msumeno, chini sana, kidevu kikikaribia kugusa vibao vya piano, akapiga polepole kuliko mtu yeyote, bila madoido, kila noti akiiacha imalize pumzi yake. Wahakiki waliandika kwamba kule kuguna ni sala. Sala! Mtu ambaye nyumbani hakuomba hata msamaha. Tukimuuliza Mama, "Baba yupo?" jibu lilikuwa moja, "Hayupo," na baadaye hata hilo akachoka kulitamka, akawa anatikisa kichwa tu huku anaendelea kupiga pasi.

Watoto wake alitupa majina ya vidole. Kaka, mtoto wa kwanza, ni Gumba, na kweli hakuna jambo linalofanyika bila yeye kujitia ndani. Dada zangu wawili, walioolewa mbali, ni Shahada na Kati. Mimi wa nne nikawa Pete. Shuleni nilitamba na jina hilo, nikawaambia wenzangu kwamba Baba ananiita hivyo kwa sababu mimi ni kito chake. Mpaka siku nilipomkuta sebuleni akimwonyesha mgeni mkono wake.

"Hiki cha pete ndicho balaa," alisema. "Hakina nguvu, hakijitegemei. Kiinue peke yake uone kinavyotetemeka."

Mgeni akacheka. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Tangu siku hiyo, nikijitazama kwenye kioo nilikuwa naona kidole.

Hata hivyo nilikwenda studio. Ugomvi wangu na Baba ni wangu. Hakuna aliyeipa kampuni ruhusa ya kumnyamazisha mara ya pili.

Fundi sauti, mwanamume mnene mwenye hedifoni shingoni, alinipokea kwa bashasha akidhani nimekuja kumpongeza. Akanivutia kiti, akabonyeza kitufe. "Sikiliza mwenyewe. Safi kama maji."

Piano ikajaa chumbani. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake ukanizidishia hasira, maana haikuwa na mtu ndani yake.

"Mlichokitoa kiko wapi?"

"Kipo, tumekihifadhi pembeni. Lakini ni makelele tu, mama."

"Niwekee hayo makelele."

"Bila piano?"

"Bila piano."

Ikaanza pumzi. Kigoda kikalia. Kisha Baba akaguna, akakohoa, akaguna tena, na nilipoinamia spika nikagundua kwamba ndani ya kuguna mlikuwa na maneno. "Gumba, tulia, acha fujo." Nikacheka bila kupenda. "Shahada, mbele. Kati, mpishe mwenzio." Alikuwa akiviongoza vidole vyake kama mtu anayevusha watoto barabara. Akaendelea hivyo mpaka pale panapojulikana na kila mtu, mwisho wa ule wimbo wa polepole, ambapo kidole cha nne na cha tano hupokezana noti mbili hadi zinafifia. Hapo sauti yake ikashuka.

"Pete. Haya, Pete. Usiogope. Nipo. Nipo hapa."

"Unaona?" fundi akasema. "Inavuruga."

Nilisimama kwa kishindo, kiti kikaanguka nyuma yangu. Nipo! Nilipougua homa hakuwepo. Siku tunamzika Mama alifika watu wameshatawanyika. Neno hilo nililingoja utoto wangu wote, kumbe alikuwa nalo, akilitoa bure kwa kidole mbele ya kinasa sauti! Nilitetemeka mwili mzima, na kutetemeka huko kukaniudhi zaidi.

Nikampigia Kaka palepale. "Wairudishe sauti."

"Unataka tuchekwe?"

"Tuchekwe. La sivyo nitamsukuma Baba na kiti chake hadi mahakamani, akagune mbele ya hakimu."

"Kwani humo kuna nini cha maana?"

"Umo wewe. Anakwambia utulie, uache fujo."

Nilidhani atafoka. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo.

"Amenitaja?"

"Amekutaja."

"Mpe simu huyo fundi," akasema.

Nilirudi nyumbani na ile sauti kwenye simu yangu. Jirani aliyekuwa akimwangalia Baba akaaga. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikamwekea simu mapajani. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofika kwa Pete, nikaizima.

"Ulikuwa unamwambia nani?" nikamuuliza. "Kidole au mimi?"

Kwa mkono wake wa kushoto, ulio mzima, akaukamata ule wa kulia, akausukuma ukaanguka pembeni ya kiti kama kitu kisichohusika. Kisha akanishika mkono.

"Umechelewa," nikamwambia, machozi yakinitoka kwa hasira. "Umechelewa mno, Baba, unasikia?"

Nikajaribu kujitoa niende nikanawe uso. Akakaza. Macho yalimtoka, akaguna, "Mm," na hiyo sikuwahi kuisikia kwake, lakini niliielewa mara moja. Ilikuwa ya mtu anayeogopa kuachwa.

"Nipo," nikamfokea. "Nipo hapa, niende wapi?"