Sala ya Mwenye Samaki Mkubwa

Kwetu, tukienda kuvua kwenye bwawa la Igombe, anayepata samaki mkubwa kuliko wote ndiye anayeombea chakula. Mwaka huu niliitamani sana sala hiyo. Nimejifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, na nilitaka Baba anisikie nikisoma zaburi.

Lakini mdogo wangu Flavia, anayeonekana kanisani Krismasi tu, akavua sato mpana kama sinia.

"Dada Gaudensia, huyo wako ni samaki au chambo?"

Baba akacheka. Wivu ukanichoma. Flavia alipokwenda kuokota kuni, nikafungua kamba iliyomshikilia sato wake majini. Akapiga mkia mara moja, akatoweka.

"Ameponyoka, Baba," Flavia alisema aliporudi, machozi yakimlengalenga. "Nilifunga vibaya."

"Pole. Basi mkubwa ni wa dada yako. Haya Gaudensia, tuombee."

Wakainamisha vichwa. Nikafungua Biblia, herufi zote nikaziona vizuri, lakini mdomo ukakataa kusoma. Nikaifunga.

"Flavia," nikasema, "hukufunga vibaya. Nilimfungua mimi. Omba wewe."