Mashati ya Sisimizi

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Machi, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, mama mmoja, fundi cherehani, alipoanza kumfungua binti yake vifungo vya shati la jeshi. Binti alikuwa amerudi jana yake kutoka vitani. Askari walimchukua njiani akitoka shule, akiwa na miaka kumi. Sasa alikuwa na kumi na miwili. Nyumbani walimwita Sisimizi.

Chini ya shati hilo palikuwa na shati jingine la jeshi. Fundi akalivua. Chini yake palikuwa na jingine.

"Huyu kavaa ghala zima," alisema shangazi mtu, akitua ndoo. "Maji ya kuoga yatapoa, wifi."

"Yatapashwa tena."

Kufikia jioni rundo la mashati lilikuwa limefika dirishani. Mkasi haukuyakata, moto haukuyaunguza. Kila siku baada ya sala mama alivua, na binti alinyoosha mikono juu kama aliyeamriwa. Na kwa kuwa mkono wa fundi haukai bure, alikaza vifungo vilivyolegea na kuziba matundu kwa uzi mwekundu, maana ndio uliokuwapo. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, alijiambia. Matundu mengi yalikuwa kifuani.

Ijumaa likaja lori la jeshi. Afande alijipimia shati moja, lilimfika kitovuni.

"Huko mna watoto wangapi, baba?" fundi aliuliza.

"Jeshi letu halina watoto, mama."

"Basi mashati haya ni ya nani?"

"Ya jeshi."

Akasifu ushonaji, akaamuru yapakiwe yote. Akasema atapita tena Ijumaa ijayo.

Kabla ya hiyo Ijumaa, safu ya askari ilipita mbele ya kibaraza. Wa mwisho alikuwa mtoto wa kinyozi, jirani yao, ambaye juzi yake hakurudi kutoka shule. Shati lilimkaa vizuri sana. Kifuani palikuwa na uzi mwekundu. Kinyozi alikimbia kando yake akimwita kwa majina yote ya nyumbani, lakini mtoto hakugeuza shingo.

Ijumaa kinyozi alikuja kwa fundi na taulo lake la kazi begani. Hakupaza sauti.

"Fundi, ndiwe uliyemshonea mwanangu?"

"Nilikuwa namvua wangu."

"Basi acha kumvua."

"Nikiacha, jirani, atabaki humo ndani. Bado sijamfikia."

Shangazi alitazama sakafu. Nje, lori lilipiga honi.

Fundi alinong'ona sala yake, akapeleka vidole kwenye kifungo cha juu, kama kila siku. Safari hii Sisimizi hakunyoosha mikono. Aliushika mkono wa mama yake, akaushusha taratibu, kisha akakifunga kifungo chake mwenyewe mpaka shingoni.

"Mama, shangazi, na wewe baba kinyozi, nisikieni," alisema. "Naahidi mbele yenu. Hili silivui."